Kuishi ndani ya meli na kwenda pasipofikika: maswali tunayoulizwa sana Unguja na Pemba

Kuanzia 2015 hadi 2024 nilikuwa baharia kwenye meli ya makaazi, miaka mitatu ya mwanzo sitahani, iliyobaki nikiendesha boti za mpira zinazoshusha watu pasipo na gati. Mimi ni mtoto wa Kojani. Kila nikirudi nyumbani naulizwa mambo yale yale, barazani, bandarini Wete, hata msibani. Nimeyakusanya hapa ili anayetaka ayasome kwa nafasi yake. Yameanza ya msingi, yakafuata yale yanayoulizwa na wachache. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, nimekuelekeza huko huko.

## Kwanza tuelewane

Meli ya makaazi ni nini? Si ndiyo zile meli kubwa za watalii zinazokuja Malindi?

Hapana. Mtalii wa meli ya kawaida hukodi chumba wiki mbili akashuka na begi lake. Kwenye meli ya makaazi mtu ana nyumba. Ana sebule, ana jiko, ana picha za wajukuu ukutani. Iliyo maarufu kuliko zote ni The World. Ilianza safari 2002, ina urefu wa mita 196 na nyumba 165, na wenye nyumba hizo ndio wenye meli. Mafuta, mishahara na matengenezo wanachangia wao, na njia ya kupita wanaipigia kura wao.

Ipo pia aina ya pili, ambapo mtu hununua au hukodi chumba kwa miaka kadhaa bila kumiliki meli. Villa Vie Odyssey, meli iliyojengwa 1993, iliondoka Belfast mwisho wa Septemba 2024 kwa mtindo huo, baada ya abiria kusubiri miezi ikitengenezwa. Na kuna safari ambayo haikuondoka kabisa. Mwaka 2023 watu walikwisha lipia miaka mitatu ya kuzunguka dunia, wengine wamekwisha achia nyumba zao, wakaambiwa siku chache kabla kwamba meli haipo. Kwa hiyo mtu akikuambia ananunua nyumba baharini, muulize kwanza kama meli yenyewe ameiona.

Wanaishi humo mwaka mzima?

Wachache. Wengi huingia na kutoka. Anakaa miezi mitatu, anakwenda harusini kwao, anatukuta bandari nyingine. Ndiyo maana meli yetu kuna wakati ilikuwa kimya kama mtaa wa Mji Mkongwe adhuhuri ya Ramadhani. Ikitangazwa safari ya mbali, hapo nyumba zote zinajaa.

Hiyo "safari ya mbali" ndiyo nini hasa? Mnakwenda kutafuta nini?

Wenyewe huiita ekspedisheni. Mimi nilipomweleza marehemu babu yangu nilitumia neno dago, akaelewa papo hapo. Sisi Wakojani tunajua kwenda dago. Unaacha nyumba, unabeba maji na unga, unahamia miezi kwenye ufuo usio wako, unafuata samaki na majira, na unakaa kwa ruhusa ya wenyeji. Ekspedisheni ya meli ya makaazi ni jambo la jamaa hiyo, ila hawafuati samaki. Wanafuata kuona: barafu, ndege, visiwa vyenye watu mia mbili, magofu ya vituo vya wavua nyangumi. Wanapakia wataalamu wa mawe, wa ndege na wa historia, na kila jioni wanakaa ukumbini kusikiliza darsa.

Tofauti na ziara ya kawaida ni kwamba ratiba si ahadi. Kapteni anasema "kesho tukijaaliwa tutashuka pale", na kila mtu amekubali kwamba huenda tusishuke.

Inagharimu kiasi gani?

Nyumba ni mamilioni ya dola, na juu yake kuna ada ya kila mwaka ya kuiendesha meli. Sina zaidi la kusema hapo.

## Njia, majira na visiwa vya mbali

Nani anapanga njia, na kwa nini meli hizi hazionekani kwetu kila mwaka?

Wakaazi hupiga kura, lakini majira yamekwisha piga kura kabla yao. Antaktika inafikika Novemba hadi Machi tu, wakati wa kiangazi cha huko. Aktiki ni Juni hadi Septemba. Meli inayotaka kuona pande zote mbili hushuka na kupanda dunia kila mwaka, na sisi tuko njiani tu. Wazee wetu walifanya hesabu hiyo hiyo kwa majahazi. Walikuja na kaskazi kutoka Arabuni, wakarudi na kusi, na aliyechelewa alikaa hapa hadi majira yageuke. Injini haikufuta hesabu, imepunguza adhabu tu.

Ni wapi mbali kuliko kote ambako meli ya namna hii imefika?

Kwa upande wa kaskazini, The World ilipita Njia ya Kaskazini-Magharibi, ile ya juu ya Kanada, mwaka 2012. Njia hiyo Roald Amundsen wa Norwei aliipita wa kwanza kwa chombo kidogo kiitwacho Gjøa, na ilimchukua kuanzia 1903 hadi 1906. Kwa upande wa kusini, Januari 2017 meli hiyo hiyo iliingia Bay of Whales katika Bahari ya Ross, zaidi ya digrii 78 kusini. Pale maji yanakwisha. Mbele ni ukuta wa barafu.

Je, kuna watu wanaoishi kweli huko mbali, au ni ndege tu?

Wapo. Mfano ninaoupenda ni Tristan da Cunha, kisiwa cha volkano katikati ya Atlantiki ya Kusini. Jirani yake wa karibu mwenye watu ni Mtakatifu Helena, zaidi ya kilomita 2,400. Hakina uwanja wa ndege. Kutoka Cape Town ni kama siku sita za meli. Mwaka 1961 volkano ililipuka kando ya kijiji chao, wote wakahamishiwa Uingereza, na 1963 walio wengi wakachagua kurudi. Walikuwa wameiona London, wakachagua viazi vyao na upepo wao.

Huwezi kushuka Tristan kwa kujiendea. Unaomba kwa baraza la kisiwa, na ukikubaliwa bado bahari nayo ina neno lake. Bandari yao ni ndogo, boti ya mpira inaingia kwa kubahatisha kati ya wimbi na wimbi. Mara ya kwanza tulikaa siku tatu tukiizunguka. Asubuhi kwa redio wanatuambia leo hapana. Mchana tunahamia upande wa demani, uliokingwa na upepo, napo wimbi linapiga jabali mpaka povu linapanda mita nyingi. Bibi mmoja mkaazi, umri wake umeshapita themanini, alishuka sitahani kila asubuhi amevaa jaketi la kujiokolea, amefunga vifungo vyote, anashika bahasha aliyotaka kuitia posta ya kisiwa. Siku ya tatu kapteni aligeuza omo ya meli kuelekea mashariki. Yule bibi alivua jaketi lake mwenyewe, akalitundika, akaniambia kwa upole, "Tumebisha mara tatu." Mimi nilikuwa sijawahi kumweleza habari ya hodi.

Tulirudi baada ya miaka miwili na tukashuka. Yeye hakuwamo tena.

Visiwa hivyo vina uhusiano wowote na sisi?

Swali hili huulizwa kidogo kuliko linavyostahili. Viwili nitakutajia.

Mtakatifu Helena watu wanamkumbukia Napoleon. Lakini Mzanzibari naye alifungwa huko. Agosti 1896 Sayyid Khalid bin Barghash alikaa kwenye kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 manowari zao zikalipiga jumba kwa mizinga, na vita vyote havikufika saa moja. Yeye alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akaishi huko hadi Waingereza walipomkamata 1916. Wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Mtakatifu Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa 1927. Nilipopanda ngazi za gati la Jamestown nilimsomea Fatiha palepale. Mkaazi aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kwa nini nimesimama. Nikamwambia kuna mtu wa kwetu alipita hapa bila kupenda.

Cha pili ni Aldabra, iliyo sehemu ya Shelisheli. Kobe wa Changuu ambao kila mtoto wa skuli Unguja amewalisha majani, asili yao ni huko. Walianza wanne, zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Aldabra ni Urithi wa Dunia tangu 1982, ina kobe zaidi ya laki moja, na ukiangalia ramani utashangaa: ipo karibu zaidi na Pemba kuliko na Mahé, mji mkuu wa nchi yake ulipo. Kutoka kwetu ni kama kilomita 860. Kuingia ni kwa kibali, na kila anayeshuka hufuatana na watu wa hifadhi. Kobe huko hawalishwi na mtu wala hawapandwi mgongoni. Wanalala njiani, na wewe ndiye unayezunguka.

## Kushuka nchi kavu

Mnashukaje mahali pasipo na gati wala bandari?

Kwa boti ya mpira yenye mashine nyuma, watu kama kumi kwa safari moja. Hii ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kabla ya abiria, boti moja inatangulia na watu wa msafara, yaani timu ya ekspedisheni, kuangalia wimbi, mahali pa kukanyaga na kama pana mnyama amelala. Kisha abiria wanateremka ngazi ya ubavuni mwa meli. Boti inapanda na kushuka, ngazi haipandi. Mtu akanyage lini? Anangoja boti ipande, ifike juu kabisa, itulie nukta moja. Hapo tu.

Namna ya kushikana pia ina utaratibu wake. Hatushikani viganja, tunashikana vifundo vya mikono, mimi nashika chake, yeye anashika changu. Kiganja kilicholowa kinateleza. Kifundo, hata mmoja akiachia, mwenzake bado amekishika. Mtu asipotoa mkono kwa namna hiyo hapandi, awe nani. Nimewahi kumrudisha mtu ngazini kwa sababu alitaka kushuka na kamera mkononi. Alinuna siku mbili, na ningemrudisha tena.

Watu wa Nungwi na Makangale huu ni mchezo wenu wa kila siku, mmeuona kwa ngalawa. Kinachobadilika ni maji. Kule ukianguka, baridi inakukata pumzi kwanza, kuogelea kunakuja baadaye.

Antaktika ni ya nani, na nani anatoa ruhusa?

Si ya serikali moja. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini Desemba 1, 1959 na ukaanza kazi 1961. Unaitenga kwa amani na sayansi, na madai yote ya umiliki yamewekwa kando. Meli hupata kibali kutoka nchi mwanachama wa mkataba kabla ya kung'oa nanga. Mwaka 1991 ikaongezwa itifaki ya mazingira. Mafuta mazito ya meli yamekatazwa huko tangu Agosti 2011, hivyo meli zinachoma mafuta mepesi.

Kushuka kwenyewe kuna hesabu. Watu wasizidi 100 ufuoni kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Hapa meli ya makaazi inapata nafasi, kwa sababu watu wake ni wachache. Pengwini unamwacha mita tano, na yeye akikujia unasimama.

Kwa nini mnaoshwa viatu kila mara?

Kwa sababu mbegu moja ya majani iliyonasa kwenye soli inaweza kuota mahali ambapo haikuwahi kuwapo. Kabla ya kufika, kila mtu analeta buti, suruali, begi na mfuko wa kamera. Tunavinyonya vumbi kwa mashine na kuchokoa nyuzi za mshono kwa kibano. Nilikuta punje ya mchele kwenye mfuko wangu mwenyewe, ya biriani la Idd nyumbani. Baada ya kila kushuka, viatu vinasuguliwa tena na kuchovywa dawa.

Masharti yalizidi baada ya mafua ya ndege kufika upande huo: kisiwa cha Georgia Kusini Oktoba 2023, na bara la Antaktika lenyewe Februari 2024. Sasa hukai chini, hupigi magoti, huweki begi ardhini. Ndege akiwa mgonjwa ufuoni, hatushuki. Na hapa namjibu pia anayeuliza kama anaweza kuletewa jiwe au unyoya: hapana, hata mchanga uliobaki kiatuni hurudi baharini kule kule.

Na dubu weupe?

Hao wako kaskazini tu, hawakutani na pengwini maisha yao yote. Svalbard, visiwa vya Norwei, watu wa msafara hutangulia na bunduki kukagua eneo, na dubu akionekana kila mtu anarudi botini. Tangu mwanzo wa 2025 sheria inataka umbali wa mita 300, na mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Katika maeneo ya hifadhi meli isiwe na abiria zaidi ya 200.

Meli kama hiyo ikija Pemba, sisi ndio "mahali pa mbali"?

Ndiyo. Na sipendi tulione hilo kama dharau. Kwa mtu aliyekwisha ona bandari mia nne, Pemba ni mahali adimu. Anataka Misali, ambayo imetengwa kuwa hifadhi tangu 1998. Anataka msitu wa Ngezi. Anataka popo wa Kidike, aina ambayo haipo popote duniani isipokuwa Pemba. Mwongoze kwa ujuzi wako na usimpunguzie. Wakaazi hawa wamesikiliza wataalamu miaka, wanajua swali la pili na la tatu. Nilimwona kijana mmoja wa Kidike akiulizwa popo wanakula nini msimu wa embe ukiisha. Akataja miti saba kwa majina yake ya Kipemba. Wale wazee walitoa madaftari.

Wageni nao wana wajibu wao: kuvaa kwa stara nje ya fukwe, kutokula njiani mchana wa Ramadhani, kuomba kabla ya kupiga picha mtu. Na mgeni anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya lazima ya safari, iliyoanza Oktoba 1, 2024.

## Ibada, chakula na afya

Mtu anaswali vipi baharini? Kibla anakijuaje?

Kwetu ni rahisi hata tumesahau kwamba ni neema. Makka iko karibu kwenye mstari mmoja nasi, hivyo kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja. Wapemba tuna kisa cha Nabii Khidhri kufika kisiwani akaomba msala wa kuswalia, hakuna aliyekuwa nao, akaona kisiwa kidogo kimeelekea kibla akakifanya msala wake. Ndiyo Misali.

Melini msala wako unageuka chini ya miguu yako. Svalbard kibla ni kusini, kidogo upande wa mashariki. Mimi nilichukua mwelekeo wa meli kutoka darajani, chumba cha kuongozea meli, nikahesabu, nikaelekea. Meli ikigeuka katikati ya swala, nawe ukijua, unageuka nayo. Ikiyumba sana mpaka huwezi kusimama, unaswali umekaa. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kufupisha. Zaidi ya hapo muulize shekhe wako kabla hujaondoka, na uandike majibu.

Jua lisipotua, unafunga na kuswali kwa saa zipi?

Ramadhani ya 2017 ilitukuta Svalbard mwezi wa Juni. Tulikuwa Waislamu kumi na mmoja melini. Saa sita ya usiku jua liko juu ya mlima, jeupe, kama saa tatu ya asubuhi Chake. Hata saa zetu za Kiswahili, zinazoanza na kucha, hazikuwa na pa kuanzia.

Maulamaa wamelijibu jambo hili kwa kurejea hadithi ya siku iliyo ndefu kama mwaka, ambapo Mtume (S.A.W.) aliwaambia Masahaba wakadirie. Wapo wanaosema ukadirie kwa mji wa karibu ambako usiku na mchana vinatengana, wapo wanaosema kwa saa za Makka. Sisi tulikubaliana Makka, tukabandika ratiba mlangoni mwa mesi, chumba cha kulia cha mabaharia. Msafiri anaweza pia kula na kulipa baadaye, na wenzetu wanne wa injini walifanya hivyo. Mpishi, Mhindi asiye Mwislamu, alituwekea uji wa moto kila "magharibi" bila kuulizwa.

Ni kweli mtu anaweza kupoteza Ijumaa?

Kweli. Ukivuka mstari wa tarehe katika Pasifiki ukielekea magharibi, siku moja inaruka. Tulilala Alhamisi tukaamka Jumamosi. Ijumaa si faradhi kwa msafiri, hivyo tuliswali adhuhuri yetu kama kawaida. Ila moyo ulipata mshtuko.

Chakula halali kinapatikana?

Kwenye mesi ya mabaharia samaki, mayai, dengu na wali vipo kila siku, na meli nyingi hununua nyama halali kwa ajili ya mabaharia wao. Uliza unaposaini mkataba, si unapofika. Bizari na pilipili beba, lakini zitangaze kabla ya visiwa vyenye masharti. Ona jibu la kuoshwa viatu.

Mimi bahari hunilevya hata kwenye boti ya Mkoani. Nitaweza?

Inategemea. Mkondo wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, unavukwa kwa siku mbili hivi, na mawimbi yake hayana kisiwa cha kuyazuia. Nimeona mabaharia wa miaka ishirini wamelala. Dawa inywe kabla, si baada. Kula kikavu kidogo kidogo, tafuna tangawizi, kaa katikati ya meli na chini, angalia upeo wa macho. Siku ya tatu mwili hukubali.

Mtu akiugua au kufa huko?

Meli ina daktari na zahanati nzuri, si hospitali ya upasuaji mkubwa. Kabla ya kwenda Antaktika kila mkaazi huangaliwa na wengine hukataliwa, kwa sababu ndege ya kumchukua mgonjwa inaweza kushindwa kuja kwa siku kadhaa. Anayekufa huhifadhiwa kwenye chumba baridi hadi bandari. Waislamu waliomo wamwoshe na kumswalia, na wosia wako uwe umeandikwa kabla.

## Wanaotaka kazi

Nianzie wapi?

Pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha afya ya baharia, na mafunzo ya msingi ya usalama: moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Chuo cha bahari kipo Dar es Salaam, na Unguja Mamlaka ya Usafiri Baharini ndipo pa kuulizia vitabu na vyeti. Kiingereza kiwe cha kueleweka redioni. Ukijua mashine za boti, taja hilo mwanzo wa barua, usilifiche chini.

Wakala anataka nimlipe ili anitafutie meli. Ni sawa?

Si sawa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachogharimia wewe ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Viza ni ya mwenye meli. Nakuandikia haya kwa uchungu, kwa sababu mwaka 2013 mama aliuza mikarafuu yake mitatu ya mwisho nikamlipa wakala mmoja mjini. Nilipokwenda mara ya nne nikakuta kufuli, na ndani mtu amekwisha anza kuuza simu. Kazi niliipata baadaye kwa barua yangu mwenyewe. Mikarafuu haikurudi.

Kazi ni ngumu kiasi gani?

Ngumu. Mkataba huo huo wa Kazi za Baharini unataka mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Andika saa zako kweli. Ukisaini karatasi ya uongo ili kumpendeza bosi, siku ya ajali karatasi hiyo itasema ulikuwa umelala.

Binti yangu anataka. Nimruhusu?

Nilifanya kazi na wasichana wa nchi nyingi, wengine madereva wa boti hodari kunishinda. Chumba hushirikiana na mwanamke mwenzake, hijabu ni suala la kuulizwa mapema kwa sababu ya mashine na kamba. Aondoke anajua nambari ya mtu wa kumlalamikia ndani ya meli na nje yake. Uamuzi ni wenu, wewe na yeye.

## Mambo ya nadra

Viza kwa Mtanzania?

Baharia anahitaji viza ya nchi anayopandia meli, hata kama atapita uwanja wa ndege na kwenda bandarini tu. Svalbard yenyewe haitaki viza, lakini ndege inapita Norwei bara, na huko viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatakiwa. Nimeona mtu amekwama hapo.

Maharamia bado wapo?

Eneo la hatari la Bahari ya Hindi liliondolewa rasmi mwanzo wa 2023, na mwisho wa mwaka huo huo mashambulizi yakarudi upande wa Somalia. Meli hupunguza taa za nje usiku, huongeza zamu za lindo, na hupita mbali.

Meli imetia nanga mbele ya kijiji chetu, boti za mpira zinashuka, na sheha hana habari. Tufanye nini?

Imetokea, na nimekuwa upande wa boti. Wakala wa meli alituambia kila kitu kimekwisha pangwa. Tulipofika karibu na ufuo wa kijiji kimoja cha mashariki ya Pemba, mzee alikuja majini hadi magotini, akainua mkono kutuzuia. Nilizima mashine. Abiria wanane nyuma yangu wakaanza kuuliza kuna nini. Nikamsalimia kwa Kipemba, akashtuka, akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia. Akasema, "Sasa wewe, na hodi huijui?"

Nilirudi melini na abiria wangu. Kiongozi wa msafara alikuja mwenyewe kwa sheha jioni ile, akakaa barazani, akaeleza ni watu wangapi, wa saa ngapi, wanataka kuona nini. Wazee wakamjibu kwamba asubuhi hapana, kuna maziko. Alasiri waje, wasizidi ishirini, wasipite upande wa mikoko ambako kina mama wanaokota chaza. Ikawa hivyo. Kwa hiyo nenda ufuoni na wazee wawili, simamisha boti ya kwanza kwa mkono na kwa salamu, muombe dereva awasiliane na kiongozi wake kwa redio. Dereva aliyefunzwa vizuri atazima mashine na kungoja jibu lenu.